Barua Ambayo Bibi Rautenbusch Hakuwa Nayo

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkasema nimeuficha.

Mwezi wa tano, nikiwa nimefungiwa ndani kwa sababu ya alama zangu za hesabu, niliona kwenye mtandao tangazo la ukoo wa Rautenbusch. Watu hao wametapakaa dunia nzima, hukutana kila baada ya miaka kadhaa, na safari hii walikuwa wanakutana Minnesota. Waliandika kwamba wanatafuta tawi lolote la ukoo lililopotea. Sasa mimi naitwa Elia Rautenbusch. Nimezaliwa Lushoto, naishi Brooklyn Center, na ni mweusi kama sufuria ya makande. Nikasema: hawa wametaka tawi, ngoja niwape tawi.

Nikawaandikia kwamba bibi yangu ndiye Rautenbusch mkubwa kuliko wote Afrika, na kwamba ametunza barua ya yule Rautenbusch aliyekuja Usambara zamani za Wajerumani. Barua ambayo haijawahi kufunguliwa. Hiyo ya kutofunguliwa sijui niliitoa wapi. Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani, miguu juu ukutani.

Siku mbili baadaye mama mmoja aitwaye Janet akajibu: "Tumelia wote. Mzee wetu Harold ana miaka tisini na moja, na amesubiri barua hiyo tangu akiwa mtoto. Tafadhali njooni."

Nikafunga kompyuta. Nikaenda kula ugali. Nikajifanya mtu mwingine.

Mmeniuliza kwenye grupu wiki nzima, nyie wa Lushoto na nyie wa hapa: "Elia, ulienda wapi ile Jumamosi, mbona umerudi kama mtu aliyebeba magunia?" Haya, kaeni. Mambo ya kujiandikisha nayaruka, hayana utamu.

Nyumbani: kikaratasi cha friji

Bibi alikuwa amekuja kututembelea, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa imebakiza siku tisa. Mimi na Bibi tuna utani wetu, kama bibi na mjukuu wowote: ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu mkubwa. Siku moja nikaropoka, kwa utani huohuo, kwamba wenye jina letu wana mkutano karibu tu. Nilitegemea acheke. Bibi akasimama, akaenda kuchukua mkoba wake, akarudi akaketi nao mapajani kama mtu anayesubiri basi.

"Lini?" akauliza.

Lazima niwaeleze kuhusu jiwe. Fundi wa mawe kule kwetu amekaa na jiwe la kaburi la baba yake Bibi, Yohana Rautenbusch, mwaka wa pili sasa. Jiwe liko tayari, ila halina jina. Watu kijijini wamesema miaka yote kwamba Yohana alikuwa mtoto wa Mjerumani mmoja wa misheni, aliyempa msichana mimba akapanda meli. Ndiyo maana walimzika peke yake ng'ambo ya mfereji. Bibi hakutaka kuchonga kwenye jiwe jina la mwanamume aliyemharibu bibi yake. Wala hakutaka kulifuta kabla hajajua.

"Kama ni kweli, nitaandika Yohana peke yake," alisema. "Kama ni uongo, nitaandika lote. Lakini sifi nikaacha jiwe tupu."

Kuhusu barua sikumwambia. Nilijua nitapata njia. Mimi huwa nadhani nitapata njia.

Mama hakutaka hata kusikia habari hizo. Bibi aliachika mapema, akarudi kwao na jina la baba yake, akampa Mama, Mama akanipa mimi, na shuleni Mama aliitwa mtoto wa Mjerumani mpaka akamaliza kidato cha nne. "Jina hilo limenitosha," alisema. Basi tukasubiri Jumamosi, siku ambayo Mama anafanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley. Nikabandika kikaratasi kwenye friji: *Tumetoka na Bibi, usijali.*

Brooklyn Center hadi Fridley: dakika kumi kwa saa mbili

Dereva wetu alikuwa Anko Mwangi, jirani Mkenya wa ghorofa ya chini. Si anko wangu kwa lolote, lakini huku kila Mkenya mwenye gari ni anko. Aliahidi kutupitia saa moja asubuhi. Alikuja saa mbili na nusu, na juu ya gari amefunga godoro.

"Shikamoo, Cucu," alimsalimu Bibi, na cucu kwao Wakikuyu ndiye bibi. "Tunapitia Fridley dakika moja tu, ku-drop hii godoro kwa msee wangu. Dakika moja."

Rafiki yake anakaa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa imekufa. Mimi na Anko tulipandisha godoro lile likitukunjikia vichwani kama chapati. Tulipofika juu, mke wa rafiki huyo akachungulia dirishani, akaona kuna mama mzee kwenye gari.

"Mmemwacha mzee kwa gari? Nyinyi ni watu wa aina gani?"

Bibi akapandishwa ngazi zote. Ikaja chai ya maziwa, yakaja mandazi, ikaja albamu ya harusi. Bibi akaombea nyumba, akaombea godoro, akaombea na lifti. Tulipotoka ilikuwa inakaribia saa tano, na mimi tayari mgongo si wangu.

Saint Paul: kanisa lenye kufuli

Hapa nakiri upumbavu wa pili, mdogo. Barua pepe ya Janet ilikuwa ndefu, na mimi barua ndefu huwa nasoma juu tu. Juu kulikuwa na anwani ya kanisa moja Saint Paul. Tukaenda Saint Paul.

Barabara ilikuwa inachimbwa. Huku majira ya joto hakuna barabara isiyochimbwa, wanakimbizana na baridi. Kipoza hewa cha gari la Anko kilikufa zamani, hivyo tulifungua madirisha tukala vumbi. Bibi alivaa kitenge chake kipya cha njano, na kila alipofuta uso leso ilitoka nyekundu kama udongo wa kwetu.

Kanisa lilikuwa na kufuli. Mwanamke mmoja alikuwa anamwagilia maua nje. Nilimwonyesha simu. Akasoma, akaendelea kusoma kule chini ambako mimi sikufika, kisha akanitazama kwa huruma ile ya watu wa Minnesota ambayo inauma kuliko tusi.

"Mwanangu, hapa ni pale kamati inapokutania. Mkutano wenyewe uko shambani. Saa tatu kutoka hapa, upande wa magharibi."

Sisi tulikuwa tumeendesha kuelekea mashariki.

Nilirudi kwenye gari taratibu. Anko Mwangi alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kipaji cha uso kwenye usukani.

"Kijana, mimi niko na job usiku. Unajua ku-read kweli, ama shule unaendanga kula lunch?"

"Turudi tu, Anko."

"Hakuna kurudi," alisema Bibi kutoka nyuma. Hakuwa ameelewa yote, ila neno kurudi alilisikia. "Mimi nimetoka Lushoto mpaka hapa kwa ndege tatu. Hizo saa tatu ni kitu gani?"

Anko alimtazama kwenye kioo, akawasha gari.

Golden Valley: wawili tuliojificha

Njia ya magharibi ilitupitisha Golden Valley, na taa nyekundu ikatushika mbele kabisa ya kazini kwa Mama. Mnaona bahati yangu? Nje kwenye kivuli wauguzi walikuwa wamewatoa wazee kupunga upepo. Nikateleza chini ya kiti. Anko naye akateleza, sijui kwa nini, gari likabaki kama linaendeshwa na Bibi kutoka kiti cha nyuma.

"Si mama yako yule, anayesukuma kiti?" akauliza Bibi. Akatoa mkono wote dirishani, akapunga. "Neema! Neema!"

"Bibi, usimwite, yuko kazini!"

"Kwani kumpungia mkono mwanangu ni kosa?"

Taa ikabadilika. Nilipoinua kichwa nilimwona Mama amesimama, mikono bado kwenye kiti cha yule mzee, anatazama gari linalokwenda. Sikujua ameona nini.

Magharibi: mahindi, mahindi, mahindi

Kuhusu saa tatu hizo sina la kuwaambia zaidi ya mahindi. Ukilala unaamka kwenye mahindi yaleyale. Bibi mwanzoni alifurahi, akawa anayasifu kama watoto wa jirani waliofaulu. Baada ya saa moja akanyamaza. Baada ya saa na nusu akauliza, "Wanayala na nani yote haya?"

Kisha mshale wa joto ukapanda. "Ime-overheat," alisema Anko, bila hata kushangaa. Tukakaa kando ya barabara, mbu wakitushukia kama tumewaalika. Mzee mmoja mwenye trekta akasimama, akatupa galoni ya maji, akatusaidia kujaza, na muda wote huo alisema maneno matano: "Joto leo." Kimya. "Mvua itakuja labda." Akaondoka. Bibi alimpenda sana. Alisema ni mtu mwenye heshima, hana maswali.

Shambani: nani atoke kwanza

Tulifika saa kumi na robo. Banda kubwa jekundu, magari kama harusi ya mbunge, na kwenye nyasi watu weupe kama mia moja, wazee kwa watoto. Anko akaegesha. Nikafungua mlango.

"Funga," alisema Bibi.

"Tumefika, Bibi."

"Najua tumefika. Ukoo hauingiwi kama sokoni. Tunakaa hapa, watatuona, mtu wao atatoka kutupokea."

Basi tukakaa. Dakika kumi. Watu walituona vizuri, walikuwa wanatutazama kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyekuja. Dakika ishirini. Bibi akanyoosha kitenge, akakaa wima zaidi, maana kuchelewa kupokelewa kulimaanisha wazee wao wanashauriana. Nusu saa. Anko akaanza kukoroma.

Baadaye Janet alinieleza upande wao. Wao nao walikuwa wamekusanyika nyuma ya meza ya juisi, wanabishana kwa kunong'ona. Bibi wa watu amekaa kwenye gari, bila shaka amechoka, anataka faragha, ni utovu wa adabu kumsumbua, atatoka mwenyewe akiwa tayari. Adabu mbili zilikuwa zinatazamana kupitia kioo cha gari, na jua linatupika.

Aliyevunja ni mzee mmoja mrefu, amepinda kama ndoano, anasukuma kile kigari cha kutembelea. Alikuja kwenye nyasi hatua kwa hatua, watu wawili nyuma yake wakimsihi akae. Ilimchukua dakika tano kutufikia. Akainama dirishani.

"Mimi ni Harold Rautenbusch," alisema. "Karibuni sana."

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akafungua mlango mwenyewe. "Unaona?" aliniambia. "Mkubwa wao ndiye aliyekuja."

Bandani: rangi za watu

Mlangoni Janet, mama mnene mchangamfu mwenye kofia ya majani, alikuwa anagawa lebo za kifuani. Kila tawi lina rangi yake. Bluu ni wa Minnesota, kijani wa Brazili, nyekundu waliobaki Ujerumani, njano wa Australia. Nyeupe ni kwa wageni na marafiki.

Alishika mkono wa Bibi, akanitazama mimi. "Na huyu kijana ni nani kwake?"

Bibi akaona ninaulizwa habari zangu. "Mwambie wewe ni mume wangu."

Nikatafsiri hivyohivyo, uso mkavu. Janet alibaki mdomo wazi, kalamu hewani, mpaka Anko Mwangi alipomwonea huruma akamweleza kwamba kwetu ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana. Alicheka mpaka akashika meza. Lakini mkono wake ulipofika kwenye lebo ulisita, ukapita bluu, ukapita kijani, ukachukua nyeupe.

"Kwa sasa tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka tuone barua."

Sikuitafsiri hiyo.

Ukutani walitundika ramani ya dunia. Bwana mmoja mwenye fimbo alieleza kwamba jina lilianzia kwenye kijiji kimoja chenye kinu cha maji na vichaka vya majani machungu waliyotumia kama dawa. "Kama mwarobaini," akasema Bibi, akaridhika. Kutoka kijiji hicho nyuzi za rangi zilikwenda Brazili, Australia, Namibia, Minnesota, kila mwisho una rundo la pini. Uzi mmoja ulikwenda mpaka milima ya kwetu. Pale palikuwa na pini moja tu, na uzi ulikatwa hapohapo.

Tulikula. Kulikuwa na soseji, kulikuwa na viazi vya namna saba, na kulikuwa na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Bibi aliigusa kwa kijiko, ikatetemeka. "Hiki bado ki hai?" Akaiacha. Keki ilipobaki kipande kimoja hakuna aliyekichukua. Kila aliyepita alikata nusu, anayefuata akakata nusu ya nusu, mpaka kikabaki chembe ya kumtosha sisimizi. Bibi alivumilia kwa muda, kisha akachukua sahani nzima, akaila. Watu wakapumua.

Ndipo Harold akaletwa, akakalishwa mbele ya Bibi. Mapajani alikuwa na kisanduku cha bati. Watu wakasogea. Nilitafuta mlango kwa macho.

"Muulize," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ile jeli, na mara hii sikuona la kucheka, "muulize kama ameileta."

Nikamgeukia Bibi. "Anauliza kama umechoka."

"Mwambie nimechoka sana. Mgongo, miguu, vyote."

Nikamgeukia Harold. "Anasema… bado kidogo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, anaelewa. Amesubiri miaka yote, kidogo ni nini? Akaanza kueleza polepole. Babu yake alikuwa mkulima hapa, na alikuwa na dada aliyekwenda Afrika. Kila Krismasi alimwandikia, na majibu ya dada ndiyo yaliyokuwa kwenye kile kisanduku. Vita vile vya kwanza vilipokuja majibu yakakoma. Yeye akaendelea kuandika, na kila mwanzo wa mwaka Harold, akiwa mtoto, alishikwa mkono wakatembea kwenye theluji mpaka kwenye sanduku la posta, wakatazama ndani, wakarudi. Mpaka babu alipokufa.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza.

"Anasema… theluji ilikuwa nyingi."

Nyuma yangu Anko Mwangi akakohoa. "Kijana," alisema kwa Kiswahili, na sauti hiyo sijawahi kuisikia kwake. "Translate vizuri. Ama nita-translate mimi."

Jamani, nilichoka. Nilikuwa nimebeba godoro, nimebeba vumbi, nimebeba macho ya Mama tangu Golden Valley, na sasa huyu mzee wa watu. Nikasema yote. Kwanza kwa Kiingereza, nikitazama viatu vyangu: hakuna barua, haijawahi kuwepo, nilitunga, ulikuwa utani. Kisha kwa Kiswahili, ambako ilikuwa vigumu zaidi.

Harold hakukasirika, na hicho ndicho kilichoniua. Alifunga tu kisanduku chake, taratibu, kama mtu anayezima taa.

"Basi," alisema. "Asante kwa kunijulisha."

Bibi hakunitazama. Alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne.

"Mwambie barua sina," alisema. "Mwambie mjukuu wangu amemkosea, na mimi ndiye ninayemwomba radhi, maana mimi ndiye mkubwa. Nilicho nacho ni hiki. Cheti cha ubatizo cha baba yangu. Tumekitunza, lakini mwandiko wake wa zamani hakuna kwetu anayeweza kuusoma. Tunatambua jina la ukoo tu."

Mwandiko ule hata Harold hakuuweza. Karatasi ikapita mikononi mpaka kwa mama mmoja wa lebo ya kijani, mwalimu mstaafu kutoka Brazili, aitwaye Ilse. Akavaa miwani. Akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, safari hii kwa sauti, akigeuza Kijerumani kuwa Kiingereza, nami nikatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza hata nukta:

"Mtoto, mvulana, Yohana. Mama, amefariki katika hospitali ya misheni wakati wa kujifungua. Baba, mumewe, mpagazi, hajarudi safarini. Msimamizi wa ubatizo, aliyempa jina lake ili awepo mtu wa kuulizwa habari zake: Sista Emma Rautenbusch, muuguzi."

"Emma," alisema Harold. "Huyo ndiye dada yake babu."

Bibi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu alikuwa ananiangalia midomo.

"Mwanamke," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na baba yake alikuwa mpagazi. Ana baba. Alikuwa ameoa, hakurudi tu." Akashika kingo za kiti. "Na mimi nimetembea na karatasi hii mkobani maisha yangu yote."

Kisha akamgeukia Harold, akamwongelesha Kiswahili moja kwa moja kama vile anaelewa. "Baba, huyo Sista mimi najua alipo."

Mnamkumbuka yule Sista, nyie wa Lushoto? Lile kaburi nyuma ya zahanati ya zamani, msalaba ulishaoza, tulikuwa tunaambiwa tusirukeruke juu yake? Bibi anasema baba yake alikuwa akilipalilia kila Jumamosi, na yeye akiwa mtoto alimbebea jembe. Kijijini hakuwa na jina jingine, ni Sista tu. Yohana naye alikufa hajui kilichoandikwa kwenye cheti chake. Alijua tu kwamba mwanamke huyo ndiye aliyemnywesha maziwa.

Nikatafsiri. Harold akaweka mkono usoni.

"Mume wangu," alisema Bibi, "kaa. Omba karatasi na kalamu. Huyu amesubiri barua, na wewe ndiye uliyemwahidi. Andika."

Niliandika saa nzima na nusu. Bibi anasema, naandika Kiswahili, chini yake naandika Kiingereza, mkono unaganda, ananiambia andika vizuri, mwandiko gani huu wa kuku. Mwanzo wake ulikuwa hivi: *Kwa kaka yake Sista. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua zako hatukuziona. Dada yako alikufa kwa homa mwaka ule vita vilipofika milimani, na hakuwa peke yake. Alikuwa na mtoto wa miaka sita anayeitwa kwa jina lenu.* Akaendelea hivyo, kaburi linatazama upande gani, mti gani uko karibu, nani analipalilia sasa. Zilitoka kurasa nane.

Harold alizisoma zote, sisi tumesimama. Kisha akazikunja, akazilaza juu ya barua nyingine ndani ya bati. Halafu akabandua lebo yake mwenyewe ya bluu, akaibandika juu ya ile nyeupe ya Bibi. Gundi ilikuwa imekwisha, ikaanguka kwenye jeli. Janet akakimbia kuleta mpya, ana machozi, na kwenye ramani mtu akawa anapanga foleni ya pini: Yohana, Bibi, Mama, mimi.

Kurudi

Kurudi kulikuwa mahindi, mara hii jua likiwa usoni kwenye vioo vya nyuma. Anko alipiga simu kazini kusema atachelewa, akasikiliza alichoambiwa, akakata, akaongeza mwendo. Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba ikajaa viatu. Nilidhani amelala.

"Mume wangu."

"Naam, Bibi."

"Umemsubirisha mzee wa watu kwa uongo. Una bahati sina nguvu za kuachika mara ya pili."

"Samahani, Bibi."

"Kesho utampigia fundi. Mwambie aandike lote."

Tulifika usiku umeshaingia. Mama alikuwa mlangoni, bado na sare ya kazi, kikaratasi changu cha friji mkononi. Hakupiga kelele. Nilimweleza yote pale kwenye ngazi, nikamwonyesha kwenye simu picha za ile barua, ukurasa kwa ukurasa. Alizipitisha kwa kidole, moja, mbili, mpaka ya nane. Akatazama miguu ya Bibi. Akatazama kikaratasi. Kisha akasema hivi, na ninawanukulia kama alivyosema:

"Wajerumani umewaandikia kurasa nane. Mimi mama yako, maneno manne kwenye friji. Kalete beseni umwoshe bibi yako miguu, halafu ukae hapa unisomee hiyo barua yote, polepole, kuanzia jina."